Nyuzi Mbili za Baba

Jumatatu, 6 Januari

Nyuzi 29. Kwa joto hilo ndege imeacha watu ishirini na wanne.

Viti ni mia na kumi na vinne, na ishirini na vinne vimeruka vitupu huku wenyewe wamesimama kwenye kioo na tiketi mkononi. Mama mmoja mwenye miwani akanifuata mpaka mlangoni kwangu. "Dada, wewe ndiye unayesema ndege imejaa? Mimi nimeiona kwa macho yangu, ina nafasi tele." Nikamwambia imejaa uzito, haijajaa watu. Akaniambia nikamdanganye mume wangu. Sina mume wa kumdanganya, lakini hilo sikuona haja ya kumwambia.

Naanza daftari hili kwa sababu leo nimejipalia makaa. Bosi, mkuu wetu wa safari, ametuita akasema amechoka kurusha viti vitupu. Mvua zikianza, ndege ya saa nane mchana itahamishiwa njia nyingine, ya asubuhi ibaki peke yake. Kabla hajamaliza nikanyoosha mkono. "Nipe kiangazi hiki. Nitakujazia ndege hiyo." Akacheka. "Wiki moja nzima bila kuacha mtu, Mwalimu, nami siigusi." Wananiita Mwalimu kwa sababu napenda kuandika ubaoni, si kwa sababu wananisikiliza.

Kiwanja chetu kiko juu sana, mita elfu mbili na mia tatu. Hewa ya huku ni nyepesi: mabawa hayapati cha kushika, injini hazipati cha kumeza, na jua likiipasha inazidi kuwa nyepesi. Joto likipanda kwa nyuzi moja, inabidi niwashushe watu wanne na mabegi yao. Kazi yangu ni kupiga hesabu hiyo kila siku saa saba na nusu, Baba akishanipa joto.

Baba ni baba kweli, aliyenizaa. Ana zaidi ya miaka thelathini kwenye kituo cha hali ya hewa, ng'ambo ya maegesho, na anastaafu tarehe 14 Machi. Leo naye ameachwa, kwa mara ya nne. Hawezi kulipia tiketi, lakini wafanyakazi wa kiwanja hupanda bure ndege ya mchana kama kuna nafasi, na nafasi haijapata kutokea. Alikuwa anakwenda kwa Shangazi, dada yake mkubwa, aliyeko mji wa chini. Kwa barabara ni siku mbili, na nyonga ya Baba haivumilii hata saa mbili za basi. Hawajaonana miaka tisa. Shangazi hupiga simu kila Jumapili na salamu yake kwa Baba ni ile ile: "Mwenye ndege hajambo?"

Baba alichukua begi lake la kahawia, akarudi kazini. Nilimtazama akivuka maegesho akichechemea, nikaapa kwamba Bosi hanipokonyi ndege hiyo.

Jumanne, 7 Januari

Nyuzi 29. Ishirini na wanne.

Alhamisi, 9 Januari

Nyuzi 28. Ishirini. Yule mama wa miwani amepata kiti. Amepita mbele yangu bila kunisalimu.

Jumanne, 14 Januari

Nyuzi 29. Ishirini na wanne.

Nimepata pa kuanzia, na pako wazi mpaka naona haya. Njia yetu ya kurukia ina mita elfu nne, na sehemu kubwa ya mwisho haiguswi kabisa. Tunashusha sana flapu, vile vibawa vya nyuma ya bawa, ndege inainuka mapema, lakini inainuka na kasi ndogo, kisha inapanda kwa taabu. Na sheria haiulizi kama utainuka. Inauliza: injini moja ikifa sekunde mbaya kuliko zote, hiyo iliyobaki itakuvusha kile kilima cha mwisho wa njia?

Jibu langu: flapu zishushwe kidogo tu, ndege iachwe ikimbie chini zaidi, ishike kasi, ndipo iinuke. Tena viyoyozi vizimwe dakika mbili za mwanzo, maana navyo hunyonya nguvu za injini. Abiria watatoka jasho kidogo. Wanaoachwa hutoka jasho zaidi.

Jumatatu, 20 Januari

Nyuzi 29. Ishirini na wanne.

Nimemwekea Kapteni karatasi zangu mezani. Huyu ndiye rubani mkuu wa ndege ya mchana. Wapakiaji humwita Taratibu, na si kwa kumsifu. Alizisoma mpaka chai yake ikapoa.

"Unataka nikae chini mpaka lini, Mwalimu? Mpaka nione nguo walizoanika watu ng'ambo ya uzio?"

"Mpaka kasi hii hapa."

"Na matairi?"

"Mwisho wa kasi ya matairi ni huu. Sisi tunaishia hapa, chini yake."

"Na ukikosea?"

"Sikosei."

Akaniangalia juu ya miwani. "Basi twende wote kwenye ndege ya mazoezi. Ukae nyuma yangu. Ukipiga kelele nakushusha."

Siku zote nilidhani ni mwoga. Kumbe ni mtu anayetaka kuonyeshwa, na kumwonyesha mtu ndiyo kazi niipendayo kuliko zote.

Jumamosi, 25 Januari

Ndege ya mazoezi ni ile ya chumbani, isiyoruka popote. Tumeizimia injini moja mara kumi na mbili. Imepanda mara kumi na mbili. Sikupiga kelele.

Ijumaa, 31 Januari

Waliotengeneza ndege wamekubali, na mamlaka imetia saini. Leo Kapteni ameruka kwa utaratibu mpya. Nyuzi 29, wameachwa kumi na watano tu! Watu tisa wamekwenda kwao leo kwa sababu yangu, na hakuna hata mmoja anayejua. Nimejinunulia viatu.

Jumatano, 5 Februari

Nyuzi 28. Kumi na mmoja.

Hapa ndipo nilipokwama, na leo Kapteni ameniongezea fumbo bila kujua. "Karatasi yako inasema ishirini na nane," alisema akiwa mlangoni, "lakini nikianza kukimbia, kipimajoto cha ndege kinasema ishirini na sita. Waambie mafundi wakiangalie." Nikamwomba aniandikie namba hiyo kila siku.

Jumatatu, 10 Februari

Karatasi 29, ndege 27. Karatasi 28, ndege 26. Karatasi 29, ndege 27. Kipimo kibovu hukosea ovyo, leo moja, kesho tatu. Hiki kinakosea kwa adabu, mbili kila siku. Kile cha ndege mafundi wamekiangalia na ni kizima. Basi kilichozeeka ni kipimajoto cha Baba. Nimenunua kipya.

Jumanne, 11 Februari

Nilikwenda kituoni na kipimajoto kipya mfukoni, nikijiona mjanja. Baba alikuwa ndani. Nikafungua kile kisanduku cheupe chenye miguu kinachokaa kwenye nyasi, nikaweka changu karibu na chake, nikasubiri. Vyote viwili: 27. Chake hakina hata kosa la unywele.

Saa saba na nusu Baba akatoka na daftari. Akainama, akavaa miwani, akasema kwa sauti ndogo, "Ishirini na saba." Akarudi ndani nami nyuma yake. Akaketi, akaandika 29.

"Baba, umeandika nini?"

"Nimeandika joto."

"Joto ni ishirini na saba. Umelitaja mwenyewe sasa hivi."

Akafunga daftari polepole. "Keti, mama."

"Siketi."

Mezani kwake kuna kopo la penseli, na ndani ya kopo kuna kipande cha waya wa seng'enge. Nimekiona tangu utotoni na sikuwahi kukiuliza. Akakitoa, akakilaza juu ya daftari.

"Mwaka huo wewe hujaanza shule. Nilipima saa sita, nikaenda kunywa chai, maongezi yakanoga. Saa nane wakanipigia simu, joto ngapi? Nikawapa lile la saa sita. Lilikuwa limeshapanda nyuzi nne. Ndege ilikwenda mpaka mwisho wa njia, ikang'oa waya wa uzio kwa magurudumu. Watu themanini na wawili. Hakuna aliyeumia, na hakuna aliyeniuliza. Jioni nikaenda kuuokota. Tangu siku hiyo naongeza mbili."

"Miaka yote hii?"

"Kila siku ya Mungu."

Nilikasirika. Nilimwambia ameshusha watu wanane kila siku kwa ajili ya kikombe kimoja cha chai, kwamba mimi nakesha na flapu na matairi kumbe mwizi wa viti ninakula naye meza moja. Neno mwizi nililitumia. Akakirudisha kipande cha waya kwenye kopo. Wahenga walisema mwenye kovu usidhani kapoa. Kovu la baba yangu lilikuwa kwenye kopo la penseli, nami nilidhani ni waya.

Nimekata shauri. Simsemi. Amebakiwa na mwezi mmoja, na wakubwa wake wakijua atatoka kwa aibu. Kuanzia safari ijayo nitakuwa napunguza mbili mimi mwenyewe, kimya kimya, kabla ya kupiga hesabu. Ndege itapata haki yake na Baba atapata ya kwake. Hesabu safi.

Jumatano, 12 Februari

Ndege iko kwa mafundi, hakuna safari ya mchana. Mimi na Baba tumekula bila kusemezana.

Alhamisi, 13 Februari

Nataka kuandika kama ilivyokuwa, bila kujipendelea.

Ilikuwa siku ya joto kuliko zote mwaka huu. Lami ilinata kwenye viatu vyangu vipya. Saa saba na nusu Baba akapiga simu, sauti kavu: "Thelathini." Nikasema ahsante. Nikaandika 28 kwenye hesabu yangu, nikapata watu mia na kumi na moja, nikampelekea msimamizi wa mizigo, dada tunayemwita Mzani kwa sababu hukisia uzito wa sanduku kwa kulitazama tu. Nilirudi dirishani nikiwa na furaha kabisa.

Ndege ikaanza kukimbia. Ninajua ilipozoea kuinuka tangu tubadilishe utaratibu: mkabala na ghala la gari la zimamoto. Ikapita ghala. Ikapita nguzo ya mwisho ya taa. Ndipo pua ikainuka, nayo yote ikafuata, ikapanda sawasawa ikavuka kilima bila shida. Injini zote mbili zilikuwa nzima. Hakuna aliyeona kitu isipokuwa mimi.

Nilikwenda kituoni mbio. Baba alikuwa kwenye nyasi, karibu na kisanduku chake, na alitabasamu aliponiona, kwa mara ya kwanza tangu juzi.

"Maneno yako yaliniingia, mama," alisema. "Leo nimeandika nilichokiona. Thelathini kamili."

Niliketi pale pale kwenye nyasi. Yeye aliacha mbili zake kwa ajili yangu, mimi nikapunguza mbili kwa ajili yake, na hakuna aliyemwambia mwenzake. Kwa joto la thelathini halali yetu ilikuwa watu mia na tatu. Mimi niliwapa mia na kumi na moja.

"Wamepanda wangapi?" Baba aliuliza nilipomweleza, na uso wake sitausahau.

Nikampigia Mzani. "Mia na tatu," akasema.

"Mimi nilikuandikia mia na kumi na moja!"

"Ndiyo, na Kapteni akatoa wanane. Si kawaida yake? Kila siku hunipigia, 'Toa kilo mia nane, usimwambie Mwalimu, atanipeleka ubaoni.'"

Mia na tatu. Hasa halali yetu, hakuna mmoja zaidi. Kumbe wale wanane ambao Mzani huniambia kila siku wameshushwa na mabegi mazito walikuwa wa Kapteni. Chumvi ya siri ya Kapteni ndiyo iliyofuta kosa langu la siri. Nilicheka na machozi yananitoka, na Baba akanishika bega. Kisha akasema jambo ambalo nilikuwa tayari nalijua. "Mtoto wa nyoka ni nyoka. Mimi niliwapa joto la uongo kwa uvivu, wewe kwa mapenzi. Ndege haijui tofauti."

Juzi nilimwita mwizi. Nyani haoni kundule.

Ijumaa, 14 Februari

Nimemwambia Bosi yote kabla hajanywa chai. Baba naye amewaandikia wakubwa wake. Hatukushauriana, lakini safari hii kila mmoja alimwambia mwenzake kabla ya kutoka nyumbani.

Jumatatu, 17 Februari

Mkutano. Nilisimama ubaoni, mahali pangu, ila sikujisikia mwalimu hata kidogo. Nikaandika: Mpima hewa, nyuzi mbili. Kapteni, kilo mia nane. Mimi, kosa la Alhamisi.

Bosi alimgeukia Kapteni. "Na wewe kwa nini?"

"Kwa sababu sikujua nani mwingine anaogopa," alisema Kapteni. "Nilidhani ni mimi peke yangu."

"Manahodha wengi chombo huenda mrama," alisema Bosi, na kwa mara ya kwanza nilikubaliana naye.

Niliwaeleza kwamba sheria yenyewe imeshatia akiba yake ndani ya jedwali: injini inayokufa, upepo unaogeuka, vyote vimo, vimeandikwa. Akiba hiyo haiguswi na mtu. Zetu za mifukoni ndizo za kuondoa, kwa sababu anayeongeza kwa siri siku moja ataacha kwa siri, na hakuna atakayejua chungu kina chumvi kiasi gani. Tumekubaliana: joto linasomwa na watu wawili kwa sauti. Hesabu yangu inakaguliwa na mtu wa pili. Kapteni ana ruhusa kupunguza uzito akitaka, lakini anaandika na kutia saini.

Nimepewa onyo la maandishi. Baba naye amepewa la kwake, na wamemwacha amalize mwezi. Amelikunja akalitia kwenye kopo la penseli.

Alhamisi, 20 Februari

Nyuzi 27, zimesomwa na wawili. Halali yetu: mia na kumi na watano. Viti mia na kumi na vinne. HAKUNA ALIYEACHWA. Mzani alinipigia mara mbili kuniuliza kama nina hakika. Nilimwambia siku hizi sina hakika ya kitu mpaka mtu wa pili akikague, na kimekaguliwa.

Jumatatu, 24 Februari

Nyuzi 30. Kumi na mmoja wameachwa. Hiyo ndiyo halali, na nimewaambia uso kwa uso. Wiki ya Bosi inaanza upya.

Jumatano, 5 Machi

Nyuzi 29. Saba. Mawingu yanaanza kujikusanya nyuma ya kilima. Zimebaki siku chache.

Jumamosi, 8 Machi

26. Hakuna.

Jumapili, 9 Machi

27. Hakuna. Shangazi amepiga: "Mwenye ndege hajambo?" Baba akamwambia Ijumaa. Shangazi akasema ameshasikia Ijumaa nyingi.

Jumatatu, 10 Machi

27. Hakuna. Kapteni ameruka bila kupunguza hata kilo moja.

Jumanne, 11 Machi

25. Hakuna.

Jumatano, 12 Machi

26. Hakuna. Bosi amenipita kwenye korido akanionyesha vidole vitano.

Alhamisi, 13 Machi

27. Hakuna.

Ijumaa, 14 Machi

Siku ya saba ya wiki ya Bosi, na siku ya mwisho ya Baba. Alikuja kazini na shati jeupe, sweta, na begi la kahawia. Jua likaamua kutukomesha: mawingu yalijitenga tangu asubuhi na lami ikaanza kunata tena.

Waliolipa walikuwa mia na kumi. Baba angekuwa wa mia na kumi na moja. Saa saba na robo nilivuka maegesho na hesabu nzima kichwani. Nyuzi 28: mia na kumi na moja, anapanda. Nyuzi 29: mia na saba, Baba anaachwa na wengine watatu nyuma yake, wiki ya Bosi inakufa na ndege ya mchana nayo.

Tulisimama mbele ya kisanduku. Kwa utaratibu mpya anayesoma wa kwanza haangalii uso wa mwenzake. Baba akavaa miwani, akainama. Kama angesema ishirini na tisa ningeandika ishirini na tisa. Hilo nalijua, na yeye alijua kwamba nalijua.

"Ishirini na nane," akasema.

Nikainama. "Ishirini na nane."

Akaandika 28, kwa ule mwandiko wake wa wima, akapiga mstari chini yake, akanipa daftari.

Nilimsindikiza akichechemea mpaka kwenye ngazi ya ndege. Hapo ndipo hesabu nyingine ilinijia, nikashangaa kwamba sikuipiga mapema. Mara zile nne alizoachwa.

"Baba, kila ulipoongeza mbili zako, ulikuwa unajishusha mwenyewe."

"Ndiyo."

"Ulijua?"

"Nilijua, mama. Naandika, nafunga daftari, nakwenda kuchukua begi langu."

"Miaka tisa hujamwona Shangazi!"

"Sasa ningewaongezea wengine nyuzi mbili, halafu nijiondolee mimi?" Akanipa kile kipande cha waya, kimefungwa kwenye kitambaa. "Kiweke kwenye kopo. Lakini usihesabu nacho."

Nililia waziwazi mbele ya wapakiaji, na Mzani akajifanya anahesabu mabegi. Kapteni alichungulia kwenye dirisha lake akanyoosha kidole gumba. Ndege ikakimbia, ikapita ghala la zimamoto, ikainuka pale pale nilipoandika kwamba itainuka, ikavuka kilima. Bosi alikuwa amesimama nyuma yangu. "Ibaki," alisema, akaondoka.

Mvua ya kwanza imenyesha saa kumi. Nilikuwa nafunga madirisha Shangazi alipopiga simu, nyuma yake sauti za watu na Baba akicheka.

"Mwenye ndege amefika," alisema. "Amevaa sweta, mtu mzima huyu, na huku tunaungua. Kitu cha kwanza ametafuta kipimajoto. Anasema ni thelathini na nne. Nimwamini?"

"Mwamini, Shangazi," nikamwambia. "Ni thelathini na nne."